Sare ya Baba Atieno na Baba Wafula

Ninyi mnaoanza kazi ya uamuzi wa chesi, nasikia siku hizi mnafundishwa kwa video mkiwa mmelala kitandani. Ni vizuri. Video itawafundisha sheria zote. Lakini sijaona video hata moja inayozungumzia viatu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, vile vya Jumapili, kwa sababu niliambiwa mwamuzi ni mtu wa heshima. Ukumbi ulikuwa wa sakafu ya saruji. Kila nikipita katikati ya meza, ko, ko, ko. Wachezaji wakaanza kuinua vichwa kama kuku waliosikia mwewe. Mzee Barasa, aliyenifundisha kazi hii, mtu mfupi aliyekula karanga kutoka asubuhi hadi jioni bila kusikika akitafuna, akaniita mlangoni. Akavua patipati zake mwenyewe akanipa, yeye akabaki na soksi. Basi nikaamua mashindano yale nikiwa na suti ya kijivu na patipati za mwanamume za rangi ya buluu, moja imeshikiliwa kwa waya, na hakuna aliyeinua kichwa tena mpaka mwisho.

Mzee Barasa ndiye aliyenifundisha pia habari ya uso. Mwamuzi akipita mezani na kuona mchezaji ameacha malkia wake aliwe bure, uso wake usiseme kitu. "Uso wako si redio, Mama," aliniambia. "Ukiona kosa, fikiria nguo ulizoanika nyumbani." Nikafanya hivyo kwa miaka, na dawa hiyo inafanya kazi. Isipokuwa siku moja nilikuwa nimesimama kwenye meza ya kijana mmoja, nikifikiria nguo zangu, nikatazama dirishani nikaona mvua inakuja kutoka upande wa ziwa, nyeusi tititi. Nilikuwa nimeanika mablanketi. Uso ukanibadilika. Yule kijana akaniangalia, akaangalia ubao, akaniangalia tena, akaamini amekwisha. Akampa mwenzake mkono, akakubali kushindwa. Alikuwa anaongoza kwa ngome nzima.

Mjini Kisumu watu waliniita Mama Refa. Mwanzoni nilikasirika. Refa ni wa mpira, anapuliza filimbi, anakimbia, na watu wanamtukana. Nilipoizoea kazi nikaona tofauti yetu ni filimbi tu.

Mambo yamebadilika sana. Tulikuwa na saa za kutia ufunguo mgongoni, zenye kibendera chekundu kinachoanguka muda wa mchezaji ukiisha. Kulikuwa na moja ambayo ilisimama usipoipiga kofi. Tuliiita Punda, na aliyepangiwa meza ya Punda alikuwa anaomba kwanza. Leo saa ni za betri na shida yetu ni simu. Mchezaji akienda chooni kila mara, ni juu yako kujua kama anakwenda kuuliza simu yake majibu. Nilimshuku mmoja, mwanafunzi wa Maseno, mpole kabisa, kila akisogeza kete anainuka. Nikamfuata, nikasimama nje ya mlango wa choo kama askari jela, sikio likiwa mlangoni. Sauti nilizozisikia hazikuwa za simu. Alikuwa amekula dagaa wa omena wa juzi. Kwa hiyo chunguzeni, wanangu, lakini mkiwa mbali kidogo.

Na msidhani sheria inajua kila kitu. Mnajua kwamba mchezaji akigusa kete yake, lazima aicheze. Sasa kuna msimu wale wadudu wa ziwani, sami, wanakuja mjini kama moshi, wanaingia kwenye chai, kwenye nywele, kwenye hotuba ya mgeni rasmi. Mchezaji mmoja alinyoosha mkono kumfukuza sami juu ya ubao, akamkamata katikati ya vidole. Mpinzani wake akaniita kwa nguvu: "Refa! Amegusa!" Nikauliza amegusa nini. "Amegusa!" Nikachukua muda, kwa sababu uamuzi wa haraka hauheshimiwi, kisha nikatangaza kwamba sami si kete. Hukumu hiyo imebaki hadi leo.

Lakini nyinyi hamji hapa kusikia habari za sami. Kila mkija kunisalimu mnauliza ile sare ya wakwe. Haya, vuteni viti.

Mzee Okoth alikuwa na duka la dawa pale Kondele. Mtu mwembamba, safi, wa kunyoosha vitu. Kabla hajacheza alikuwa akirekebisha kete zake zote zikae katikati ya nyumba zao, na kila moja anaiambia, "Narekebisha tu," kama daktari anayemtuliza mtoto kabla ya sindano. Mzee Wanjala alikuwa fundi wa majokofu ya samaki kule ufuoni. Mtu wa Bungoma aliyekuja Kisumu kijana akazeekea hapo, mnene, mcheshi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: akianza kushinda anaimba nyimbo za kanisani kwa pua. Nilishamwonya mara nyingi. Anasema haimbi, ni pumzi.

Wazee hawa walikuwa wapinzani wa miaka mingi. Walipigana ubaoni, wakabishana kwenye chai, na wakipanda gari moja kurudi nyumbani wanaendelea kubishana mpaka kondakta anawaomba washuke. Walipendana sana, kwa namna hiyo. Kisha binti ya Okoth, Atieno, na kijana wa Wanjala, Wafula, wakapendana kwa namna nyingine. Walikutana kwenye benchi la nje ya ukumbi, wakingoja baba zao wamalize kucheza, na wale wazee hawakuwa na haraka.

Basi ikapangwa kwamba Jumamosi fulani ukoo wa Wanjala uende nyumbani kwa Okoth huko Maseno kuzungumza habari ya ndoa. Na wikendi iliyotangulia hiyo Jumamosi, yakawa mashindano yetu ya kando ya ziwa, katika ukumbi mmoja wa Milimani wenye maua mlangoni na feni inayolia. Raundi ya mwisho ilipopangwa, nikasoma majina ya meza ya kwanza, nikayasoma tena. Okoth na Wanjala. Wote walikuwa wanaongoza. Atakayeshinda anabeba kikombe.

Sijamaliza chai yangu, Mzee Okoth huyo hapo, ameshika kofia kifuani.

"Mama Refa, hii maneno si mzuri."

"Maneno gani, Mzee?"

"Huyu mtu sasa ni mkwe. Nikimpiga leo, Jumamosi atakuja kwangu na uso gani? Na yeye akinipiga, mimi nitamkaribisha na uso gani?"

"Unataka nifanye nini?"

"Tupatie sare tu. Tukae kidogo, tusogeze askari, tupeane mkono, kila mtu aende kwake."

Nikamkumbusha kwamba waandaaji walikuwa wamepiga marufuku jambo hilo. Mwaka uliotangulia wachezaji wawili wa meza ya kwanza walipatana sare kabla viti havijapata joto, wakaenda kula samaki ufuoni, na mgeni rasmi alipofika akakuta meza tupu na soda. Tangu hapo ikawa marufuku wachezaji kupatana sare wenyewe. Ubao ndio utoe sare, wao wasiitoe.

Okoth akaondoka akitikisa kichwa. Nikainua kikombe. Wanjala akatokea upande ule mwingine, kutoka nyuma ya pazia, sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Mama, mimi tangu jana sijaonja kitu," akasema, na kwa mtu wa mwili ule hiyo ni habari nzito. "Mama Wafula ameniambia nikimwaibisha baba ya msichana, nisirudi nyumbani."

"Basi usimwaibishe."

"Halafu akaniambia nikishindwa, pia nisirudi. Anasema hatapeleka Maseno mume ambaye amepigwa. Sasa mimi nilale wapi?"

Niliwajibu wote jibu moja: chezeni. Sikuwaambia nilichokiona machoni pao walipokuwa wakilalamika. Kila mmoja alikuwa akikiangalia kile kikombe juu ya meza ya mgeni rasmi, na alikuwa anakitaka.

Wake zao walikuja mapema, wakakaa mstari wa mbele kabisa, pamoja, wamevaa kama wanaokwenda harusini. Mama Atieno alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Mama Wafula alikuwa na thamosi. Hawakujua chesi hata kidogo, lakini walijua kwamba kete zinaliwa, na hilo liliwatosha. Kabla sijawasha saa, Mama Wafula alikuwa ameshawamiminia wazee wote wawili chai na kuiweka mezani kando ya ubao. Nikamwambia kwa upole kwamba watazamaji hawaruhusiwi kuja mezani. Akasema yeye si mtazamaji, ni mama ya bwana harusi.

Mchezo ukaanza, na sijawahi kuona mchezo wa adabu kama ule. Mzee Okoth akamweka farasi wake mahali ambapo hata mtoto angemla. Wanjala akamwona yule farasi, akameza mate, akasogeza askari upande wa pili wa ubao. Okoth akakunja uso. Zamu ya Wanjala iliporudi, akamsogeza askofu wake mbele kabisa ya askari wa Okoth, akakaa kama mtu anayetoa sadaka. Okoth akamkwepa. Baada ya muda ubao ulikuwa umejaa kete zilizoachwa bure, kila mtu anamkaribisha mwenzake ale, na hakuna anayeanza.

"Chukua tu, mkwe," akanong'ona Wanjala.

"Aa, anza wewe. Wewe ndiye mgeni."

Nikainama nikawaambia hairuhusiwi kuongea. Nyuma ya wake zao walisimama wanafunzi wa Maseno, wale wanaojua kila mchezo uliochezwa duniani, nao walikuwa wameshika mbavu. Mmoja wao, kijana mwenye miwani, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Hawa wazee wamesahau kucheza."

Niliona shingo mbili zikikakamaa. Wanjala akanywa chai yote kwa mkupuo. Okoth akamrekebisha mfalme wake, "narekebisha tu," lakini safari hii sauti ilikuwa ya daktari ambaye sindano yake ni kubwa. Kisha akanyoosha mkono akamla yule askofu.

Mama Wafula akashika kifua. "Amemla askofu?"

"Shh," nikasema.

"Refa, askofu analiwaje? Si mtumishi wa Mungu?"

"Mama Wafula, tafadhali."

Wanjala akamla yule farasi. Mama Atieno, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, akamgeukia jirani yake polepole. "Amekula bila hata kusema asante."

Kuanzia hapo ikawa vita. Ngome zikaliwa, malkia wakalana, askari wakaanguka kama mahindi mbele ya upepo. Waliacha kutazamana. Okoth alikuwa akipiga saa kwa kiganja mpaka meza inaruka. Wanjala akaanza ile pumzi yake ya puani, nikamwonya, akanyamaza, akaanza tena, wimbo ule ule kutoka alipoukatiza. Wanafunzi waliokuwa wanacheka wakaacha, kwa sababu sasa ulikuwa mchezo wa kweli, tena mzuri. Wake zao walihesabu maiti. Kila kete ikiliwa mmoja wao anaguna, na viti vyao, ambavyo vilianza vikiwa vimegusana, vilizidi kuachana.

Mwishowe Okoth akabaki na mfalme peke yake. Wanjala alikuwa na mfalme na askari mmoja, na yule askari akatembea, akatembea, akafika mwisho wa ubao akageuka kuwa malkia, kama sheria inavyosema. Ukiwa na malkia dhidi ya mfalme mtupu, umeshinda. Mchezaji wa mashindano anaweza kumaliza kazi hiyo akiwa anaongea na simu. Okoth alijua. Alikuwa na haki ya kukubali kushindwa, lakini Mama Atieno alikuwa anamwangalia, basi akaendelea kumkimbiza mfalme wake mpaka pembeni kabisa, kwenye kona.

Ilibaki hatua moja. Wanjala akamchukua malkia, mkono ukaenda mpaka juu ya nyumba ya ushindi. Nilikuwa nimesimama karibu, niliuona. Mkono ukakaa pale hewani. Wanjala akainua macho akamtazama Okoth. Okoth alikuwa anatazama ubao, midomo imekauka, anafanana na mtu anayengoja jina lake liitwe hospitalini.

"Baba Wafula!" akapiga kelele Mama Wafula.

Wanjala akaruka. Malkia akatua kwenye nyumba ya jirani, na vidole vikamwachilia.

Kwa wale ambao bado mnasoma sheria: mfalme wa Okoth hakuwa ameshambuliwa. Lakini kila nyumba iliyomzunguka ilikuwa imefungwa na yule malkia, na Okoth hakuwa na kete nyingine ya kusogeza. Mchezaji ambaye hajashambuliwa na hana pa kwenda, mchezo wake umeisha, na umeisha sare. Nikasimamisha saa. Nikafikiria nguo zangu nyumbani kwa nguvu zangu zote.

"Sare," nikasema.

"Ulikuwa unaniitia nini?" Wanjala akamuuliza mkewe.

"Mkono wa shati ulikuwa unaingia kwenye chai ya mkwe."

Ningedhani yangekwisha hapo. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa, ndicho walichokuja kuniomba asubuhi. Nikawa nataka kucheka kwa furaha. Lakini Mzee Okoth alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mama Refa, nakata rufaa."

"Rufaa ya nini, Mzee? Umepata sare."

"Siitaki. Andika nimeshindwa."

Katika miaka yangu yote watu wamenililia niwaandikie ushindi. Huyu alikuwa wa kwanza kunililia nimwandikie kushindwa.

"Mkono wake ulikuwa juu ya nyumba yenyewe," akaendelea. "Niliuona. Akaniangalia usoni, akaniacha. Mimi ni mzee na duka langu. Sihurumiwi kwa mchezo mbele ya watoto wa watu."

"Mkono hewani si mchezo," nikamwambia. "Mpaka kete iachiliwe."

"Basi muulize! Muulize kama alikosea!"

Wote wakamgeukia Wanjala. Sasa mwoneni yule mtu mnene alivyobanwa. Akisema aliacha makusudi, amemtukana mkwe wake. Akisema alikosea, amejivunjia jina mbele ya wanafunzi wa Maseno, kwa kosa ambalo wanaoanza wanafundishwa siku ya pili wasilifanye. Jina la mchezaji ni kitu kikubwa. Nimeona wanaume wakipoteza shamba bila kulia, wakalia kwa kupoteza farasi. Wanjala alifuta jasho. Akatazama wanafunzi, akatazama kikombe. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Nilikosea. Nilikosea kama mtoto wa darasa la kwanza. Bibi yangu ameniita nikashtuka nikakosea."

Yule mwenye miwani akacheka. Wanjala akamwacha acheke.

"Mwongo," akasema Okoth, na akatoka.

Kikombe kilikuwa na masikio mawili, basi kwenye picha kila mmoja alishika sikio lake, Okoth aliyerudishwa kwa kuvutwa na mkewe, na Wanjala aliyevimba. Nilikaa katikati. Kwenye picha ile ni mimi peke yangu ninayeonyesha meno.

Katikati ya wiki Atieno akaja kwangu amevimba macho. "Mama, baba anasema Jumamosi hataki kuona mtu. Anasema hawezi kutoa binti kwa watu wanaomhurumia."

"Na mama yako anasemaje?"

"Mama anasema wageni watakuja na watakula, apende asipende. Lakini baba akikaa chumbani na mlango umefungwa, hayo yatakuwa mazungumzo gani? Mama Refa, ndoa yangu inavunjwa na malkia wa plastiki!"

Sheria ninazozijua zinaishia ukingoni mwa ubao. Lakini jioni ile ile Mama Atieno akanipigia simu, akasema nije Maseno Jumamosi. Nikauliza nije kama nani. Akasema nije tu, wale wazee wawili wamezoea kunisikia, na yeye amechoka.

Nikaenda. Wageni wa Wanjala walikuwa wamefika, wamevaa suti, wamekaa kwenye hema wakinyooshana tai. Upande wa wenyeji alikuwapo mjomba wa Atieno, mzee mkali mwenye fimbo, ndiye msemaji. Samaki walikuwa jikoni wanachemka na nazi haikuwapo, kwetu ni nyanya na kitunguu, harufu imetuvuruga akili sote. Na baba wawili hawakuwapo. Mjomba akauliza mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa fimbo.

Nikazunguka nyuma ya jiko. Walikuwa pale, karibu na rundo la kuni, wamekaa juu ya magunia, suti na yote, na kati yao ubao. Kete tatu tu: mfalme wa Wanjala kwenye kona, na mfalme na malkia wa Okoth. Alikuwa ameipanga tena ile hali, safari hii yeye ndiye anayeshinda.

"Nilimwambia aje," Okoth akaniambia bila kuinuka. "Nataka kumwonyesha kwamba mtu mzima hawezi kukosea hapa. Haiwezekani. Angalia. Mfalme wake yuko wapi? Kona. Malkia wangu anakuja wapi? Hapa. Hata kipofu anaona."

"Inawezekana, mkwe," Wanjala akasema kwa huzuni. "Mtu akiitwa ghafla."

"Haiwezekani! Tazama mkono wangu. Ninamchukua malkia hivi, ninampeleka hivi, ninafika..."

"Baba Atieno!" ikapigwa sauti kutoka mlangoni mwa jiko. "Wageni wanakauka hapa!"

Kete ikagonga ubao. Vidole vikaachilia.

Tukaangalia sote watatu. Okoth akainama mpaka pua ikakaribia kete.

"Nimekushambulia?"

"Hapana," akasema Wanjala.

"Una pa kwenda?"

"Sina."

Kuku mmoja akapita katikati yetu. Jasho lilikuwa limemtoka Okoth puani, na jasho la makusudi mimi sijawahi kuliona.

"Yawa," akasema taratibu. "Kumbe inawezekana."

Kitu kikaanza tumboni mwa Wanjala, kikapanda, kikatokea kicheko, kinanguruma kama jokofu linapowashwa. Okoth alijaribu kukasirika, akashindwa, akaanza naye. Walicheka mpaka Wanjala akaanguka kutoka kwenye gunia na kuni zikamporomokea, na Okoth akawa anamvuta mkono huku anapiga magoti yeye mwenyewe. Mama Atieno akatokea na mwiko. Aliwaangalia wakwe wale wawili wamejaa maganda ya kuni kwenye suti mpya. Hakuuliza. Akapiga ubao teke, kete zikaruka kwenye majivu, akaonyesha hema kwa mwiko.

Mnataka kujua kama Wanjala siku ile ya Milimani alikosea kweli. Kila anayekuja huniuliza. Mkono niliuona, macho niliyaona, na ile kelele niliisikia, na nimeyapanga yote matatu kila namna. Nilimuuliza mwenyewe mara moja. Akaanza kuimba kwa pua.

Waliingia hemani wameshikana mikono, wamechafuka. Mjomba akasimama, akaegemea fimbo yake, akawaangalia kutoka viatuni mpaka nyweleni.

"Watu wazima wamekaa hapa tangu asubuhi," akasema. "Ukoo mzima umetoka Bungoma. Mmetuchelewesha, mmetuaibisha. Nataka kujua, mwenye makosa ni nani?"

"Mimi," wakajibu wote wawili, kwa pamoja.

Mjomba akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akanigeukia mimi, na hema lote likanigeukia, wakingoja hukumu.

Nikaomba mchuzi.